Kaunta buku au begi la ngumi? Vifaa vya mtoto anayepiga wenzake, kimoja kimoja

Mzazi wa Tanga aliyeitwa shuleni kwa mara ya tatu kwa sababu mwanawe kampiga mtu, siku hizi hakosi wa kumuuzia kitu. Kwenye magrupu ya WhatsApp linatangazwa begi la ngumi la watoto, chati ya tabia yenye nyota, kadi za hisia, saa ya mchanga, na vile vidude vya mpira vya kubonyezabonyeza. Vyote vinauzwa kwa ahadi moja, kwamba mtoto atatulia. Hapa tunavitazama kwa swali moja tu: je, mtoto wa shule ya msingi, wa darasa la kwanza mpaka la saba, atapunguza kupiga, kusukuma na kutishia wenzake? Tumeongeza kifaa kimoja ambacho hakuna anayekitangaza, kwa kuwa kinakaa kwenye rafu ya kila duka la vifaa vya shule pale Ngamiani: kaunta buku, lile daftari kubwa la mistari.

Kabla ya kutoa hela, mtambue mtoto mwenyewe. Upo ugomvi wa moto na upo ugomvi wa baridi. Mtoto wa moto huchokozwa, huhamaki, ngumi hutoka kabla hajafikiri, na baada ya robo saa analia au anajuta. Mtoto wa baridi humsubiri mwenzake njiani, humnyang'anya hela ya vitumbua, na uso wake haubadiliki. Karibu kila kinachouzwa kimetengenezwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Huyu wa pili umtulize nini, na yeye katulia tayari? Dawa yake ni kuhakikisha ubabe haumlipi. Alichonyang'anya kirudi mikononi mwa mwenyewe siku ileile, mtu mzima awepo pale anapowavizia wenzake, na apewe njia nyingine ya kuwa mkubwa mbele yao. Watoto wengi wana chembe za vyote viwili, ila kimoja huzidi. Mzazi asiyejua kipi kinazidi atanunua kitu kisichomfaa.

Jambo jingine la kujua: kupiga si kitu ambacho mtoto anajifunza shuleni. Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada, pamoja na wenzake wamefuatilia watoto kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba kupigapiga huwa kwingi zaidi katika umri wa kama miaka 2 hadi 4, halafu hupungua kadiri mtoto anavyopata maneno na subira. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anayepiga bado hajapata cha kuweka mahali pa ngumi. Hiyo ndiyo kazi ya kifaa chochote kinachostahili hela yako.

Kaunta buku

Nunua la kurasa nyingi lenye jalada gumu, maana litashikwashikwa. Chora safu saba: siku na saa, mahali, nani walikuwepo, nini kilitokea dakika chache kabla, mtoto alifanya nini, nini kilifuata, alikula na kulala lini. Andika kwa siku 7, ukiweza 10, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Mstari mmoja uwe hivi:

Jumanne, saa 10:20 jioni. Uani, karibu na bomba. Yeye, dada yake, mtoto wa mpangaji mwenzetu. Kabla: dada kamwambia "wewe huchezi". Kitendo: kamsukuma mgongoni kwa mikono miwili, kampiga kofi moja. Baada: mama katoka, kafoka, kachukua mpira kampa yeye ili anyamaze. Mara ya mwisho kula: uji, saa 4 asubuhi. Alilala saa 5 usiku.

Msome mstari huo taratibu. Safu ya sita ndiyo yenye siri: kapiga, kapata mpira. Gerald Patterson, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na familia huko Oregon, Marekani, aliueleza mtego huu vizuri. Mzazi anaamuru, mtoto anapandisha sauti, mzazi anachoka na kuachia. Mtoto amelipwa kwa kupata alichotaka, na mzazi naye amelipwa kwa kupata kimya, kwa hiyo kesho wote wawili watarudia, na safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini mtoto anatoka nyumbani akijua kwamba nguvu inafanya kazi, anakwenda kuijaribu darasani.

Halafu tazama safu ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja. Kwa watoto wengi wa mjini Tanga siku ni ndefu: shule tangu asubuhi, kutoka mchana jua likiwa kali, kubadilisha nguo mbio mbio, kisha chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi jioni. Ikiwa mistari yako mingi imesongamana kati ya saa 9 na saa 11 jioni, na safu ya chakula inasema uji wa asubuhi, basi anza na tumbo. Kipande cha muhogo au ndizi mbili na maji ya kutosha kabla ya kwenda chuoni, nusu saa ya kukaa kivulini bila kutumwa, na usingizi unaoanza saa 3 usiku badala ya saa 5. Mtoto wa umri huu anahitaji kulala jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Kuna nyumba ambazo hatua hii peke yake inakata nusu ya mistari. Na hata isipokata, utakuwa umeondoa moshi ili moto wenyewe uonekane.

Kinachoharibu kaunta buku ni vitu vinne. Cha kwanza ni kuandika hukumu badala ya kitendo. "Alikuwa mkorofi sana" haipimiki, "alimng'ata mkononi" inapimika. Cha pili ni kungoja usiku na kuandika kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu ya mtu aliyekasirika huongeza chumvi. Cha tatu, kuandika mabaya tu. Weka alama ya vema kwa kila saa iliyopita kwa amani, utashangaa zilivyo nyingi, na hizo ndizo zinazoonyesha mtoto anaweza. Cha nne ndicho kibaya kuliko vyote: kumsomea mtoto daftari kama hati ya mashtaka mbele ya shangazi na majirani. Daftari ni la wakubwa.

Mwishoni hesabu wastani wa matukio kwa siku. Namba hiyo itunze. Bila hiyo hutajua kama kifaa kingine chochote kimefanya kazi.

Hukumu yetu: nunua, na ununue hiki kwanza.

Begi la ngumi

Hili ndilo linalouzwa kwa maneno matamu zaidi: "atoe hasira kwenye begi, asitoe kwa wenzake." Linasikika kama akili, nalo linagharimu kuliko vifaa vingine vyote hapa kwa pamoja. Kasoro yake ni kwamba hasira si maji ya kwenye ndoo ambayo ukiyamwaga yanakwisha. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo watu waliokasirishwa walipewa begi la kupiga. Waliopiga huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi zaidi na wakawa wakali zaidi, na waliokaa kimya bila kufanya lolote ndio waliofanya vizuri. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto, lakini sababu yake inaeleweka kwa umri wowote. Mwili unapopiga, moyo unakwenda mbio na misuli inakaza, yaani hali ileile ya ugomvi. Na mkono unafanya mazoezi ya kitendo kilekile unachotaka ukiache.

Kuna hatari ndogondogo pia. Begi lililofungwa kwa kamba ya nailoni kwenye tawi la mwembe uani huyumba na kumrudia mtoto usoni, na ngumi bila kufungwa bandeji huumiza kifundo cha mkono.

Tusichanganye hili na michezo. Ndondi yenye mwalimu, kengele na sheria, kuogelea Raskazone na mtu mzima pembeni, chandimu yenye refa, hayo ni mazuri kwa usingizi, kwa marafiki na kwa kujifunza kushindwa. Fanya saa ambayo mtoto ametulia. Usimpeleke begini akiwa anatetemeka kwa hasira.

Hukumu yetu: usinunue kwa kazi hii.

Chati ya nyota

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu chati ni kifaa kizuri kinachouzwa kikiwa kimeharibika. Zile zilizochapwa tayari na kutiwa laminesheni huwa na mistari minane hadi kumi: kuwa mtiifu, kuwa na heshima, kuwa na upendo, kusaidia wengine. Mtoto wa darasa la pili hajui "kuwa na upendo" kunaanza saa ngapi na kunaisha saa ngapi. Halafu zawadi inangoja mpaka Ijumaa. Kwa mtoto anayehamaki kwa sekunde mbili, Ijumaa ni mbali kama Idi ijayo.

Chukua karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, tengeneza yako. Tendo liwe moja tu, liandikwe kwa lugha ya kufanya, si ya kuacha: "Nikichokozwa, natoka na kumwita mkubwa." Siku ikate vipande vinne: kabla ya shule, kutoka shule mpaka kwenda chuoni, kutoka chuoni mpaka magharibi, na baada ya hapo mpaka kulala. Kama kaunta buku linaonyesha anapiga mara sita kila jioni, vipande hivyo ni virefu mno. Anza na nusu saa. Mtoto lazima ashinde siku ya kwanza, la sivyo siku ya pili hatacheza.

Nyota itolewe ndani ya dakika moja, na itolewe na maneno: "Kaka yako kakuvuta kofia, ukanyanyuka ukaja kwangu. Umejiweza." Sema alichofanya, umtazame usoni, umguse bega. Maneno hayo yana kazi kubwa kuliko nyota yenyewe. Ndiyo maana chati inayojazwa kimyakimya na mzazi anayepita na simu sikioni haifanyi kitu.

Kubadilisha nyota kwa zawadi: siku tatu za mwanzo, nyota tatu zinapata kitu kidogo siku hiyohiyo. Wiki ya pili iwe tano, ya tatu iwe nane. Zawadi nzuri ni muda, si hela: dakika 20 za kucheza karata au bao na baba, kuchagua mboga ya kesho, kubebwa kwenye baiskeli mpaka ufukweni na kurudi. Hela humfundisha kudai malipo kwa kila kitu, na nyumba nyingi haziwezi kuendelea nayo zaidi ya wiki. Kisha wiki ya tano anza kupunguza: nyota kwa siku nzima, halafu kwa siku mbili, sifa zikibaki palepale. Chati inayokaa ukutani miezi sita inakuwa pambo.

Zipo njia tatu za kuiua. Kunyang'anya nyota iliyokwisha kupatikana: mtoto akivurunda saa 12, nyota ya saa 9 ni yake, aliifanyia kazi. Kumsahau ndugu yake: dada anayepigwa kila siku akiona mpigaji ndiye anayepewa zawadi, atamchokoza makusudi, kwa hiyo naye apewe chati yake yenye tendo lake. Ya tatu ni kukata tamaa siku ya nne. Unapoacha kumpa mtoto alichozoea kupata kwa kelele, kelele hupanda kabla ya kushuka. Anajaribu ufunguo wa zamani kwa nguvu zaidi. Mzazi akiachia hapo amemfundisha kwamba kelele ndogo hazitoshi. Kelele na kununa vipuuzwe. Kupiga mtu hakupuuzwi hata mara moja.

Hukumu yetu: usinunue iliyochapwa. Tengeneza.

Kadi za hisia

Seti nyingi zinatoka nje, zina watoto waliovaa makoti ya baridi na maneno ya Kiingereza chini. Mtoto wa Makorora anaweza kuzisoma zote bila kumjua hata mmoja. Na Kiswahili kina ngazi ya hasira ambayo hakuna seti iliyoipanga: kuudhika, kununa, kukasirika, kuhamaki, kughadhibika. Chora sura tano kwa ngazi hiyo kwenye kadi ngumu za boksi, muulize mtoto mwili wake unafanya nini kwenye kila moja. Wengine watasema masikio yanakuwa ya moto, wengine tumbo linakaza, wengine ngumi zinajikunja zenyewe. Akifika kuhamaki hakusikii tena. Kazi ya kadi ni kumzoesha kujitambua akiwa bado kwenye kuudhika, pale ambapo kutoka na kuvuta pumzi kunawezekana: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, mara tano. Afanye mazoezi hayo akiwa mzima na mchangamfu, kila siku kwa wiki mbili. Usimfundishe pumzi katikati ya ugomvi. Nani anajifunza kuogelea wakati anazama?

Ongeza pia sura za aibu, wivu, woga na njaa, maana nyingi ya hizo hutoka nje zikiwa zimevaa hasira. Mtoto aliyetukaniwa mama yake mbele ya darasa ana aibu kwanza.

Kuna matumizi ya pili, na haya ndiyo yanayotufanya tuzipende kadi. Kenneth Dodge, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba watoto wengi wa ugomvi wa moto husoma vibaya nia za wenzao. Mwingine akikanyagwa mguu kwenye foleni anaona ajali. Huyu anaona dharau. Basi chora kisa kifupi: mtoto amemwagiwa maji bombani. Uliza, "Inaweza kuwa sababu gani?" Jibu la kwanza litakuwa "kafanya makusudi." Usilipinge. Uliza, "Na nyingine?" mpaka zifike tatu. Visa viwili kwa jioni, dakika kumi, vinatosha. Baada ya wiki tatu au nne jibu la "hakuniona" huanza kuja lenyewe.

Hukumu yetu: chora nyumbani. Ukiwa mwalimu, seti moja kubwa ya darasa inastahili jasho lake.

Saa ya mchanga, na vidude vya kubonyeza

Saa ya mchanga ya dakika 5 ina kazi moja: kupima muda wa kukaa pembeni baada ya kumpiga mtu. Ni nzuri kwa kuwa mtoto anauona muda ukienda, na mzazi hawezi kuurefusha kwa sababu bado amekasirika. Mahali pawe wazi na pasiwe na mchezo: kiti ukumbini, kona ya baraza. Si stoo yenye giza, si chooni, wala si nje ya geti. Sema maneno machache, "Umempiga Asha. Dakika tano," kisha nyamaza. Mahubiri yanayotolewa wakati ule ni mazungumzo, na mazungumzo ni malipo. Mchanga ukiisha akiwa ametulia, anarudi na kumalizia alichokuwa ameamriwa, la sivyo mtoto atagundua kwamba kupiga kunamwokoa asioshe vyombo. Dakika tano mpaka kumi zinatosha hata kwa mtoto wa miaka 12. Inunue kama ni rahisi. Saa ya simu inafanya kazi hiyohiyo, ila simu huita.

Vidude vya mpira vinawasaidia baadhi ya watoto wasiotulia vitini. Kwa kupiga wenzao havina la maana, na darasani vyenyewe huwa chanzo cha kugombaniwa.

Fimbo

Haiuzwi kwenye grupu lolote lakini ipo kila nyumba, kwa hiyo nayo tuipime. Inanyamazisha papo hapo, na ndiyo sababu mkono wa mzazi unairudia. Kinachofuata baadaye ndicho tatizo. Mwaka 1961 Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere. Watoto wakaja kumpiga mwanasesere yule kwa namna zilezile, hata kwa maneno yaleyale. Mtoto aliyepigwa kwa kumpiga mdogo wake amepewa somo kwamba mwenye mwili mkubwa ndiye anayepiga, naye anatafuta mwenye mwili mdogo. Tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka zinaonyesha wanaopigwa zaidi huzidi ukali kadiri muda unavyokwenda, hata ukizingatia kwamba walianza wakiwa wakali. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwalimu anayechapa foleni nzima kwa hasira yuko nje ya kanuni hizo, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa upole ofisini.

Pale vifaa vinapoishia

Kuna hali ambazo chati na kadi ni kupoteza wakati. Mtoto aliyekuwa mpole akabadilika ghafla ndani ya wiki chache: huenda kuna mtu anayemuumiza, nyumbani, njiani au shuleni. Piga 116, namba ya msaada kwa mtoto, ni bure. Au nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Anayetumia kisu au chupa, anayewasha moto, anayetesa wanyama, anayejiumiza mwenyewe au kusema anataka kufa, apelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Pia aliyeanza ukali baada ya kuumia kichwa, au anayepotewa na fahamu.

Masikio yapimwe. Mtoto ambaye sikio limetoka usaha kwa miaka hasikii nusu ya anachoambiwa, na anaonekana mjeuri. Anayekoroma kila usiku na kuamka amechoka naye achunguzwe koo. Na kama mtoto ana kifafa na anatumia fenobabitali, jueni kwamba dawa hiyo yenyewe huwafanya baadhi ya watoto wawe wakali na wasiotulia. Msiiache ghafla hata siku moja, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Mwelezeni daktari, ipo nafasi ya kubadilisha taratibu.

Mkienda hospitali ya Bombo au kituo kingine, chukueni lile kaunta buku. Daktari atauliza ilianza lini, hutokea saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, nini hutangulia, analalaje, na mzazi aliyesimama foleni tangu alfajiri hukumbuka tukio la jana tu. Mpeni daftari lenyewe, na doa la chai na mistari iliyofutwa. Msilinakili upya ili lipendeze.